Maswali na Majibu: Sitiari Bila Hisia Ni Maiti

Naomba tofauti ya sitiari na tashbihi.
Zote hulinganisha vitu viwili. Tashbihi hutumia "kama", "mithili ya" na wenzake; sitiari haitumii, husema tu kitu hiki ni kile. Swali hili limo katika kila kitabu cha fasihi cha sekondari. Fungueni vitabu.

Shairi la Al-Inkishafi linaiita dunia mzoga. Niliandika "dunia ni mbaya", nikapata nusu ya alama. Nimeonewa?
Hujaonewa, na hiyo nusu ni ya huruma. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, angetaka kusema "mbaya" angesema. Alitaka kwanza ukunje pua. Mzoga umevimba, unanuka, na shairi lenyewe linasema anayeupenda ni mbwa. Ukishaona kinyaa, ndipo unapogundua kwamba mpenda dunia ni wewe, na aibu inakushika. Kinyaa na aibu hiyo ndiyo maana yenyewe. Walimu wanaofundisha sitiari kwa kuchora mshale, "mzoga = ubaya", wanaua ushairi, na nitalirudia hili mpaka wasikie.

Humo humo dunia ni bahari iliyochafuka. Mimi wa Dodoma, bahari sijaiona. Nitaielewaje?
Uliza waliosafiri. Bahari ile ina matumbawe, miamba ya chini ya maji ambayo asiyeijua njia huitambua chombo kikiwa kimeshapasuka. Hofu ya hatari usiyoiona unayo hata huko Dodoma, anzia hapo. Ila jihadhari na picha za matangazo ya utalii, mchanga mweupe na minazi. Zitakupa raha pale mshairi alipotaka uogope, na shairi zima litakupotea.

Kila sitiari lazima ilete picha?
La. Nani huona goti akisikia "mguu wa meza"?

Kwani sitiari si pambo tu la lugha?
Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Msikilizaji hakupewa hoja aipime, alipewa kinyaa. Mende haulizwi kosa lake, hukanyagwa. Kenya nako watu waliohamia Bonde la Ufa waliitwa "madoadoa" majukwaani, na watu wakapiga makofi. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya chuki, na ilifanya vyema. Doa halijadiliwi, husuguliwa litoke.