Usiitupe amplifaya ya mzee: tunajibu maswali ya muziki wa nyumbani

Swali: Marehemu baba alituachia amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980 na spika mbili kubwa za mbao. Nikizungusha kitufe cha sauti inakwaruza, na upande wa kushoto hunyamaza mpaka niongeze sauti sana ndipo unarudi. Vijana wanasema niiuze kwa vyuma chakavu, ninunue sabufa iliyoandikwa wati 12,000 PMPO. Nishaurini. (Msomaji, Arua)

Jibu: Ndugu yetu, usiiuze. Ukiwa dukani, igeuze hiyo sabufa usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa umeme inaokula. Ukikuta wati 60, ujue haiwezi kutoa kwa mfululizo hata hizo 60, maana hakuna chombo kinachotoa nguvu kuliko inayokiingia. PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa, haina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Kila kiwanda huandika kinavyopenda. Amplifaya ya baba ikiwa imeandikwa wati 40 RMS (nguvu ya mfululizo) kila upande kwenye omu 8, hizo ni wati za kweli, na sebule ya kawaida haizimalizi.

Hitilafu ulizotaja ni mbili, na zote zinatibika. Kukwaruza kunatoka ndani ya kitufe chenyewe: ulimi mdogo wa chuma unateleza juu ya utepe wa kaboni, na baada ya miaka vumbi na uchafu vimekaa katikati yake. Upande unaonyamaza kisha ukarudi sauti ikipanda, hiyo mara nyingi ni rilei (swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme) ya kulinda spika, ile inayolia “ta” sekunde chache baada ya kuwasha. Midomo yake, pale chuma kinapogusana na chuma, imeshika weusi. Mkondo mdogo wa muziki wa chini haupenyi ule weusi, mkondo mkubwa unapenya. Hakikisha kwanza: zima chombo, badilishana nyaya za spika kushoto na kulia nyuma ya amplifaya, kisha sikiliza. Ukimya ukihamia spika nyingine, ugonjwa uko kwenye amplifaya. Ukibaki kwenye spika ileile, shughulikia spika au waya wake.

Kabla ya kufungua, chomoa plagi. Kapasita mbili kubwa (vikopo vya kuhifadhi umeme) zilizo karibu na transfoma hubaki na chaji hata chombo kikiwa kimezimwa, kwa hiyo zimalize kwa rezista ya omu 100, wati 5, ukiishika kwa koleo yenye mpini wa plastiki na kugusisha miguu ya kila kapasita kwa sekunde 10. Pima kwa mita ya umeme; ikibaki chini ya volti 1 endelea. Kufanya kazi hiyo kwa bisibisi kunatoa cheche na kunaweza kuunguza njia za bodi.

Kitufe kinasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya vitufe vya elektroniki, ile iliyo na kilainishi ndani yake. Ingiza mrija kwenye tundu dogo karibu na miguu ya kitufe, puliza kidogo tu, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. Fanya vivyo hivyo kwa balansi, besi, na swichi ya TAPE MONITOR, ambayo watu wengi huisahau ingawa nayo hukata upande mmoja. Acha chombo wazi saa moja kikauke. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala mafuta ya kulegeza nati: hukusanya vumbi, na mengine hula plastiki.

Rilei ikiwa na kifuniko kinachofunguka, chukua ukanda wa karatasi nyeupe, uloweshe kwa alkoholi ya isopropili, upitishe kati ya midomo huku ukiibana taratibu, urudie hadi karatasi itoke safi. Msasa hapana, unakwangua madini laini yaliyopakwa juu. Midomo ikiwa na vishimo, badilisha rilei nzima: volti za koili ziwe zilezile zilizoandikwa juu yake (24 ni kawaida), mpangilio wa miguu uleule, na ampea zisipungue.

Baada ya kufunga, usiunganishe spika mara moja. Washa, sauti ikiwa sifuri, subiri rilei ilie, upime volti za DC kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta zaidi ya 100, mpelekee fundi wa amplifaya, kwa sababu mkondo huo wa moja kwa moja unapasha moto koili ya spika.

Swali: Spika zangu zimeanza kunguruma. Nilipotoa kitambaa cha mbele nikakuta ile sponji inayozunguka koni imekuwa kama makombo. Fundi anataka kuweka wufa (spika za besi) mpya za bei rahisi. (Mama msomaji, Entebbe)

Jibu: Mama, mkatalie kwa upole. Sponji hiyo huoza yenyewe, itumike isitumike, na joto pamoja na unyevu kama wa kando ya ziwa huharakisha. Koni, sumaku na koili huenda ni vizima kabisa. Wufa yoyote tu ikiwekwa, hata ikienea tundu, haitalingana na ukubwa wa sanduku wala na vigawa sauti vya ndani, na besi itavurugika. Ila acha kuzipiga tangu leo: koni isiyoshikwa ukingoni inayumba, na koili inasugua sumaku.

Kinachotakiwa ni pete mpya za sponji, mbili, zibadilishwe pamoja ili pande zote zifanane. Kuandika “inchi 8” hakutoshi wakati wa kuagiza. Pima kwa milimita kipenyo cha koni, kisha kipenyo cha ndani na cha nje cha ukingo wa fremu ambapo sponji inakaa. Angalia pia kama pete ya zamani iligandishwa juu ya koni au chini yake.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko nguvu. Kwangua sponji kuukuu kwa kidole na kisu butu, futa gundi kwa alkoholi, na usiloweshe koni ya karatasi. Gandisha pete kwenye koni kwanza kwa gundi nyeupe ya maji ya kugandishia spika, uiache ishike. Kisha ndipo upake kwenye fremu, na hapa ndipo kazi huharibikia. Kabla gundi haijakauka, sukuma koni taratibu kwa vidole viwili vilivyokabiliana. Ukisikia mkwaruzo, sogeza pete milimita moja upande wa pili, jaribu tena mpaka iende kimya. Gundi ya kukauka papo hapo haikupi nafasi hiyo. Iache saa 24.

Kwa kuwa sanduku limekwisha kufunguliwa, tazama kapasita zinazopeleka sauti kwa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Zile za elektroliti za miaka hiyo hukauka, na sauti nyembamba hufifia. Weka mpya zenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua, lakini ziwe za aina isiyo na chanya na hasi. Kapasita ya kawaida ya redio haifai hapo, itaharibika.

Swali: Nimeunganisha simu kwenye amplifaya ya zamani kupitia PHONO. Sauti inatoka nzito, imechafuka, kama mtu aliyefunikwa blanketi. (Msomaji, Kasese)

Jibu: Hamisha waya uingie AUX, CD, TUNER au TAPE PLAY. PHONO ni ya sindano ya santuri, inayotoa milivolti chache tu, na ndani yake mna saketi inayokuza mno, inayoinua besi na kushusha sauti nyembamba. Simu inatoa mara mia zaidi ya sindano. Kwenye TAPE usikosee: PLAY inaingiza, REC inatoa.

Chombo cha Ulaya chenye tundu la duara la pini 5 hutaka waya wa kugeuza. Kwenye tundu la TAPE, pini 2 ni ya ardhi, 3 ni kushoto, 5 ni kulia. Sauti ya simu iweke karibu na mwisho, uongezee kwenye amplifaya. Mngurumo ukianza unapochaji, chaja ndiyo inauleta. Tumia kipokezi cha Bluetooth chenye chaja yake, au usichaji ukisikiliza.

Swali: Nimepata risiva (amplifaya yenye redio ndani) iliyotumika kutoka Japani na gramafoni kutoka Marekani. Naogopa kuzichomeka. (Msomaji, Makindye, Kampala)

Jibu: Hofu yako ni ya haki. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Chombo cha Japani kinataka volti 100, cha Marekani 120. Tazama nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti. Ikiwepo, geuza plagi ikiwa imechomolewa, na weka fyuzi inayoandikwa kwa volti hizo, ambayo huwa takriban nusu ya ampea za volti 110. Isipokuwepo, unahitaji transfoma ya kushusha. Kwa risiva ya Japani tafuta yenye kutoa 100 hasa, kwani 110 ni asilimia 10 zaidi na chombo kitakaa na joto muda wote. Wati za transfoma ziwe mara mbili ya zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Gramafoni ina mtego mwingine. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Ikiwa mota yake ni ya AC na inafuata hezi 60, hapa santuri ya 33⅓ itazunguka karibu 28 kwa dakika, na kila mwimbaji atakuwa na sauti ya mzee. Dawa ni puli (kigurudumu cha mota) ya hezi 50, iliyo nene zaidi. Yenye mota ya DC au inayodhibitiwa na kwatzi haina shida hiyo.

Umeme ukikatika, chomoa plagi, usirudishe hadi dakika 5 baada ya kurudi. Na tafadhali, ondoeni vile vitambaa vya kufuma juu ya amplifaya: vinaziba matundu ya hewa. Iachieni sentimita 10 juu.

Swali: Waya gani wa spika? Duka moja linauza wa bei kubwa sana. (Msomaji, Jinja)

Jibu: Shaba tupu, milimita za mraba 1.5, kwa umbali hadi mita 10; zaidi ya hapo 2.5. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kisha chunguza chanya na hasi. Spika moja ikiwa imegeuzwa, besi zinauana. Ukiwa huna alama, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya wa wufa, kwa kufumba na kufumbua. Koni ikitoka nje, upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika.