Jibu: karoti za sukari zinatoka majimaji

Shoga, umeuliza kwa nini karoti zako za siagi na sukari zinaogelea majini wala hazing'ai, mie naona umetia maji mengi halafu umefunika mpaka mwisho. Chukua fraipani pana, sio sufuria ya shimo, karoti nusu kilo kata saizi moja, tia siagi vijiko viwili vya chakula, sukari kimoja na nusu, chumvi kidogo na maji yafike nusu ya karoti tu basi. Funika mpaka kisu kiingie kwa kujilazimisha kidogo.

Sasa funua, ongeza moto na usiende kushika simu hapo! Mwanzo utaona povu jepesi jepesi, maji yakikauka mapovu yanakuwa makubwa na mazito yanapasuka polepole, we tikisa fraipani karoti zijigeuze, ukiona rojo limezinata na zinang'aa epua saa hiyo hiyo. Ukichelewa siagi inajitenga inakuwa mafuta matupu, ila usitupe, tia kijiko kimoja cha maji utikise kwa nguvu itarudi.

Iliki ya kutwanga tia mwisho, na ndimu kidogo ikate utamu. Karafuu moja yatosha, hata kama unazo tele nyumbani, ukizidisha utakula karafuu tupu. Ukitumia asali badala ya sukari itie maji yakishapungua maana inaungua haraka. Mie karoti hizi nazila na samaki wa kukaanga, na pilau sikushauri mwaya, utamu unagombana.