Vijana wangu wa Sabaki, hebu tuongee kuhusu maji

Jumamosi nimekaa zangu juu ya tuta la mchanga pale mto Sabaki unapoingia baharini, karibu na Malindi, naangalia wenzetu wapya wa kuongoza watazama ndege wanawapeleka wageni moja kwa moja katikati ya shakwe waliotulia, kundi lote likaruka likahamia upande wa Mambrui, wageni wakabaki kupiga picha mchanga. Nikacheka, halafu nikakasirika, maana mimi nishafanya makubwa kuliko hayo.

1. Skopu (darubini ya kwenye stendi) iwekwe mbali, jua mgongoni, mdomo ufungwe.

2. Msimu. Vitwitwi, wale ndege wa kando ya maji, wa kutoka kaskazini wanaanza kuingia Agosti, wengi wanaondoka Aprili. Pratinkoli wa Madagaska, ndege mhamiaji mwingine, ndio kwanza anakuja wao wakitoka, anakaa mpaka Septemba hivi. Sasa mtu anamuahidi mgeni wa Januari pratinkoli, jamani! Simtaji, anajijua.

3. Maji. Mnajua maji yakijaa ndege wanasukumwa wote kwenye mafungu ya mchanga, ndio raha yetu. Mwaka wangu wa kwanza niliprinti chati ya maji, imeandikwa kujaa 05:10, nikasema poa, tukifika saa kumi na mbili na robo yatakuwa yanapwa. Nikawavusha wageni wawili mkondo mdogo kwenda funguni, maji ya magoti, najitapa kabisa eti yatazidi kupungua. Kumbe chati ilikuwa ya GMT, saa za Greenwich, na sisi tuko mbele yake. Ongeza masaa matatu. Tuko kule tunahesabu heroe (flamingo), yule mama mgeni akaniuliza kwa upole mbona fungu linakuwa dogo. Nikamwambia ni macho tu. Macho! Baada ya dakika kama ishirini alama za viatu vyetu zilikuwa zimefunikwa, na kule juu mtoni kiboko anaguna. Tukarudi maji yakiwa kiunoni kwangu na kifuani kwa yule mama, rangi ya chai ya maziwa, hata mguu wako huuoni, skopu nimeibeba kichwani, stendi ikachukuliwa na mkondo nikaikimbilia kama mwendawazimu. Ng'ambo kuna mzee mvuvi amesimama na nyavu begani, anatutazama tu. Tulipofika akaniuliza tarehe ya mwezi mwandamo, "Leo mwezi wa ngapi?" Sikujua. "Mwezi ishirini. Maji yajaa mpaka saa mbili. Wewe mpwani wa wapi?" Wageni hawakuelewa maneno lakini walielewa sura yangu. Tipu sikupata, na kwa haki kabisa.

4. Viboko wapo, mamba wapo, msizoee.

5. Hujamtambua ndege, sema hujamtambua. Kitwitwi wa mbali dhidi ya jua hata mimi ananishinda.

Chati ile bado ninayo, nimeandika +3 kwa kalamu nyekundu juu mpaka chini. Ila jioni kabla ya matembezi bado nampigia yule mzee simu, na kila nikipiga, kabla hata ya salamu, anauliza kama ile stendi yangu imejifunza kuogelea.