Kupanda uani mwezi Septemba, Minneapolis, Marekani

Ndugu, nimekuelewa: nyasi za uani zimekauka kwa jua la kiangazi, nawe unahofu kwamba Septemba umechelewa kupanda. Hujachelewa, ila mbegu za nyasi zimwage sasa hivi, udongo ukiwa bado na joto, kwa kuwa zikipandwa baada ya katikati ya mwezi huenda zisishike mizizi kabla ya theluji. Kitunguu saumu kisubiri Oktoba. Panda punje ncha ikitazama juu, sentimita 5 hadi 8 chini, kisha funika kwa majani makavu, nawe utavuna Julai. Sukuma wiki usiing'oe, maana baridi kidogo huiongezea utamu. Iwapo nyumba ilijengwa kabla ya 1978, rangi yake ya zamani huweza kuwa imeacha madini ya risasi kando ya kuta, hivyo peleka udongo upimwe katika maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota kabla ya kupanda mboga hapo. Ukikusudia kuchimba shimo la mti, piga kwanza simu namba 811, huduma ya kuonesha vilivyofukiwa ardhini, wakuoneshe mabomba ya gesi yalipopita.