Europa-Park katikati ya safari ya baiskeli: msiihesabu kama siku ya kupumzika

Mkuu, umeuliza kama kundi lenu linaloshuka na mto Rhine kwa baiskeli, Basel hadi Rotterdam, litumie siku yake ya mapumziko Europa-Park, ile bustani kubwa ya mitambo ya burudani huko Ujerumani, kwa kuwa njia inapita jirani kabisa. Nimepita njia hiyo hiyo na kundi la Watanzania na Wakenya tunaoishi huku, na bustanini tuliingia. Nendeni, ni pazuri mno. Ila kwenye ratiba siku hiyo iandikeni kuwa siku ya kazi, na mapumziko ya kweli yawekeni kesho yake.

Kinachowaponza watu ni wepesi wa njia yenyewe. Basel hadi Breisach tambarare, Breisach hadi kijiji cha Rust tambarare tena, bonde lote limelala kati ya Msitu Mweusi na milima ya Vosges. Mnafika Rust morali iko juu. Mnaiona Silver Star, rolakosta (treni ya burudani ya kasi) yenye kimo cha mita 73, imesimama juu ya paa za kijiji, na watu wazima wanarudi utotoni hapo hapo. Kuhusu miguu, hakuna anayekumbuka kuuliza.

Kwenye baiskeli mapaja yanafanya kazi huku umekaa, uzito wa mwili umebebwa na siti. Bustanini unashinda wima. Na foleni inachosha kuliko kutembea, maana misuli ya nyuma ya mguu ndiyo inayosaidia kusukuma damu irudi juu kuelekea moyoni. Ukisimama bila kujongea damu inatuama chini na miguu inavimba. Hapo ongeza ngazi: unapanda kufika kwenye jukwaa la kupakia, ukimaliza unashuka nyingine. Kushuka ngazi kunaifanyisha misuli kazi huku inavutika, jambo ambalo pedali hazikuzoezi nalo kabisa. Ndiyo maana mtu aliyeendesha wiki nzima bila kulalamika anaamka asubuhi mapaja yamekaza.

Mwenzetu mmoja, dada ambaye kwenye milima sote huwa tunamfuata kwa mbali, ilipofika alasiri alikaa chini pembeni ya njia, upande wa eneo la Hispania (bustani imegawanywa kwa maeneo yenye sura za nchi za Ulaya), akavua viatu. Soksi zilikuwa zimechimba mfereji kuzunguka vifundo vyote viwili, na kisigino kimoja ngozi ilikuwa imetoka. Alikuwa ameshinda na viatu vyake vya baiskeli kwa sababu kwenye mikoba hakubeba vingine. Soli ya viatu vile imetengenezwa isipinde, ili nguvu yote iishie kwenye pedali. Kwenye pedali ni raha, lakini kutwa nzima juu ya sakafu ya mawe ni adhabu. Hata mkipuuza mengine yote niliyoandika, hili shikeni: kila mmoja abebe raba nyepesi. Uzito wake hamtausikia.

Tena kuna shingo na mikono. Anayeshika usukani siku nyingi mfululizo huwa na ganzi kwenye vidole vidogo na shingo iliyochoka kwa kutazama mbele. Wodan, ile rolakosta ya mbao ya mwaka 2012, inatikisa mwili mzima kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa. Blue Fire ni laini zaidi, lakini inakurusha kutoka kusimama hadi kasi ya kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde mbili na nusu tu. Mtu mwenye shingo inayouma aziache. Kundi lisimshinikize.

Msijidanganye pia kwamba mtamaliza yote. Familia ya Mack kutoka Waldkirch, watengenezaji wa mitambo hii, ndiyo iliyofungua bustani mwaka 1975, na nia mojawapo ilikuwa wanunuzi waione mitambo yao ikifanya kazi. Kwa hiyo imejaa mitambo kupita kiasi. Kila mtu achague mitatu anayoitaka kwa moyo, mwingie saa tatu asubuhi milango inapofunguliwa, na saa tisa alasiri mtoke. Sisi tulibaki hadi jioni, wengine wakitafutana kwa simu, wengine wakisubiri juani bila maji. Bonde lile kiangazi lina joto zito.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja, mwenye umri mkubwa kuliko sote, aliyekataa kabisa kuingia. Alibaki kambini akafua, akapaka cheni yake mafuta, akalala kivulini, jioni akatupikia wali. Kesho yake upepo ulikuwa wa mbele, na ni yeye aliyekaa mbele kukata upepo karibu njia yote hadi Strasbourg, sisi vijana tukiwa tumejificha mgongoni kwake kama vifaranga. Ni kilomita 50 hivi, siku za kawaida tungezimaliza kabla ya chakula cha mchana. Siku ile tulikuwa tukisimama kila kwenye benchi, na wawili walishuka kabisa wakanyoosha miguu nyasini kwa muda mrefu. Nilimheshimu sana mzee yule.

Ambao hawataki bustani wasilazimishwe, maana hawatakosa cha kufanya. Pembeni mwa Rust kuna hifadhi ya Taubergießen, vijito vya maji maangavu vilivyobaki kutoka Rhine ya zamani, na wenyeji huwatembeza watu kwa mitumbwi bapa. Unakaa, unasukumwa, unatazama ndege. Kwa mwendesha baiskeli aliyechoka sijaona dawa nzuri kuliko hiyo.

Pendekezo langu kwa kundi lenu: fikeni Rust mapema, laleni, bustani siku inayofuata, kisha siku nyingine laleni hapo hapo mkae majini Taubergießen. Ndipo mvuke kwenda Ufaransa kwa pantoni ya Kappel kwenda Rhinau. Ni bure, baiskeli zinapanda, na upande wa pili mtaikuta njia ya kando ya mfereji inayoingia hadi Strasbourg bila kilima. Kama siku haziongezeki, basi katikati ya safari iacheni Europa-Park, mrudi siku nyingine kwa treni. Kituo kipo Ringsheim, na kutoka pale kuna basi.