Ukitaka jerania ikwee ukuta hapa Tanga

Jerania zinazouzwa kandokando ya barabara hapa mjini wengi huzinunua mwezi wa saba, zikiwa zimejaa maua mekundu, na masika yakija chungu kimeshapandwa pilipili. Waja leo waondoka leo, kama mji wenyewe unavyoimbwa. Yangu imekwea ukuta wa upenuni hadi usawa wa lenta ya dirisha, na kila anayekaa barazani huniuliza natumia mbolea gani. Jibu langu huwa haliwaridhishi: kabla ya mbolea, niambie ukuta wako unatazama wapi.

Ushauri mwingi kuhusu maua haya umeandikwa na watu wa nchi za baridi, nao husema itafutie jerania ukuta unaopigwa na jua siku nzima. Kwao ni sawa, maana ukuta huo hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, mmea usigandishwe. Shida yetu sisi ni kinyume kabisa. Jerania hizi za chungu, ambazo kitaalamu ni pelagoniamu, asili yake ni Afrika Kusini, hasa upande wa Cape, ambako jua likizama hewa hupoa kweli. Hupenda mchana wa nyuzi 18 hadi 24 na usiku wa chini ya hapo. Tanga mwezi wa pili mchana hupita nyuzi 30, na usiku wenyewe watu wanalala madirisha wazi. Sasa chukua mmea huo uuegemeze kwenye ukuta wa bloku unaotazama magharibi, uliokunywa jua la alasiri lote. Nenda saa mbili usiku uuguse kwa kiganja. Bado wa moto! Mmea hapo haupati wakati wa kupumua. Unaacha kuchanua, majani ya chini yanageuka manjano, na mwenye nyumba anadhani una kiu, anazidisha maji, anaumaliza.

Kwa hiyo ukuta wa kwanza kwangu ni wa mashariki: jua la asubuhi mpaka saa tano hivi, kisha kivuli cha nyumba hadi usiku. Chaguo la pili ni ukuta wa kaskazini, na hapa tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Tanga iko kama nyuzi tano kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari jua la adhuhuri linakuwa upande wa kusini. Maana yake ukuta wa kaskazini unakaa kivulini miezi ileile ya kaskazi ambayo joto linatutesa, halafu unapata jua wakati wa kusi, hewa ikiwa imepoa. Ukuta wa kusini ni kinyume chake, na wa magharibi waachie bogenvilia. Ukipaka chokaa nyeupe, ukuta wowote utapunguza kushika joto. Walio Raskazone, karibu na maji, waiweke upande wa ndani ya ua, kwa sababu upepo wenye chumvi huunguza kingo za majani.

Halafu upenu. Kinachoua jerania nyingi Tanga mwezi wa nne na wa tano ni majani kulowa usiku kucha, na joto hapohapo. Chini ya jani utaona vidoti vya kahawia vinavyoachia unga ukivigusa. Hiyo ni kutu. Maua yaliyokufa yakiachwa juu ya mmea yanaota ukungu wa kijivu unaoshuka mpaka kwenye shina. Bati likitokeza vizuri nje ya ukuta, umeshashinda nusu ya vita bila kununua dawa.

Kuhusu aina, sikubaliani na wengi. Kuna jerania ya jani nene linalong'aa, lenye pembe tano, na mashina membamba yanayotambaa. Huko kwao Cape hujipenyeza kwenye vichaka mpaka juu, kwa hiyo kila mtu huona ndiyo ya ukutani. Ni kweli, kwa aliye Lushoto. Hapa chini joto huisumbua kuliko mwenzake, na hewa ikiwa na unyevu mwingi huku udongo umelowa, majani yake huota vipele kwa chini vinavyokauka vikawa kama gamba. Mimi nashauri ile ya kawaida, ya jani la mviringo lenye pete iliyokoza katikati. Watu wanaijua kama kichaka kifupi kwa sababu wanaikata kila mara. Ukiiacha shina moja, shina hilo hugeuka mti na kurefuka mpaka likupite kimo, mradi lina pa kuegemea.

Hakuna aina kati ya hizi yenye vikono vya kujishikia wala mizizi ya kunata ukutani. Hiyo kazi ni yako. Pigia misumari ya zege, ning'iniza waya za kulala kila baada ya sentimita 30, na katikati ya waya na ukuta weka vipande vya mbao vya kuuachia mmea nafasi ya upana wa kiganja. Usikubali nafasi hiyo irukwe kwa uvivu wa fundi. Ndimo hewa inamopita, na ndiyo inayouepusha mmea na joto la ukuta. Kwa kufungia sina cha kulinganisha na uzi wa katani. Haukati shina kama waya, na ukioza unaoza wenyewe bila kukaba. Tunaukanyaga tu mitaani, kumbe katani yetu ni uzao wa miche michache aliyoileta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida mwaka 1893. Zungusha uzi kwa umbo la nane, duara moja kwenye waya na jingine kwenye shina, nao ulegee kiasi cha kupitisha kidole.

Funga alasiri, siyo asubuhi. Asubuhi shina limejaa maji, ukilikunja kidogo linakatika kwa mlio. Alasiri limelegea na linatii.

Miezi ya mwanzo vunja kila kikonyo cha maua. Najua inauma, mama mdogo wangu aliniona nikifanya hivyo akaniuliza, "Mwanangu, sasa umepanda ua la kutazama majani?" Lakini nguvu ikienda kwenye maua shina halirefuki. Matawi ya pembeni yaachie majani mawili au matatu kisha uyakate ncha. Shina kuu likifika unapotaka, kata ncha yake nayo. Hapo ndipo matawi yote yanajaa na unayaacha yachanue.

Udongo wetu sehemu nyingi umelalia mawe ya chokaa, na jerania inataka udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa nyingi majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, maana mmea unashindwa kupata chuma. Kwa hiyo usiipande chini, tafuta chungu kikubwa chenye matundu. Changanya mboji iliyoiva, mchanga mnene wa mtoni na makumbi ya nazi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yana chumvi, yasuuze mpaka maji yatoke matamu. Jivu la jikoni, ambalo kila mtu atakushauri, huongeza uchokaa, achana nalo. Na usichote udongo palipokuwa na nyanya, bilinganya au viazi. Bakteria wa mnyauko anayeua hizo huua na jerania. Mwaka 2003 Marekani waliteketeza jerania kwa wingi kwa sababu ya bakteria huyo, aliyeingia na vipandikizi kutoka Kenya.

Maji ni rahisi: chomeka kidole, ukikuta unyevu acha. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai. Kinga maji ya mvua uyahifadhi.

Jambo moja la pembeni. Kuna jerania yenye harufu ya ndimu inayouzwa kama mmea wa kufukuza mbu. Imepimwa, na mmea ukikaa tu chunguni mbu hawana habari nao. Nunua kwa harufu yake ukipenda, lakini chandarua ubaki nacho.

Hata ukifanya yote haya, kaskazi ikikaza jerania itapunguza maua. Hilo ni la kawaida. Iache, usiipe mbolea, usiikate sana, na kusi ikianza kuvuma itarudi. Ila usiuamini mmea mmoja. Mwezi wa sita, mvua zikipungua, kata vipandikizi vya urefu wa sentimita 10, chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, vilaze kivulini mpaka kesho yake kidonda kikauke, kisha vichomeke kwenye mchanga mnene. Usivifunike na nailoni, vitaoza na kuwa vyeusi kuanzia chini. Baada ya wiki tatu au nne vitakuwa na mizizi.

Vichache hubaki kwangu, vingine navifunga kwenye gazeti navipakia kwenye basi la Lushoto kwa mama mdogo, ambaye huko baridini hana haja ya ukuta wala upenu. Kaskazi ikiniulia wa hapa, namtumia ujumbe, na mwezi wa sita unaofuata basi linashuka na vipandikizi vyangu juu ya matenga ya karoti.