Mtoto Anayefungua Kila Kitu: Maswali na Majibu

Mwanangu wa miaka 9 amefungua redio, tochi na rimoti, na hakuna kilichorudi. Nimnunulie gari la betri? (Mama, Uyole)

Gari hilo atalifungua jioni hiyohiyo, na mengi ya ndani yamegandishwa kwa gundi. Mnunulie bisibisi bapa na nyota, saizi ndogo, koleo, na umtafutie trei ya mayai. Vitu havirudi kwa sababu skrubu zimechanganyika. Kila hatua ya kufungua iwe na shimo lake kwenye trei. Wakati wa kufunga aanzie shimo la mwisho.

Kisha mwombe fundi redio LED (kitaa kidogo chenye miguu miwili) nyekundu na rezista (kipunguza umeme) ya omu 100. Betri 2 za AA zikifuatana hutoa volti 3, LED nyekundu hutaka kama 2, rezista inameza zinazobaki. Mguu mrefu wa LED uelekee upande wa chanya. Isipowaka, ageuze LED kabla ya kuitupa. Isipowaka tena, atazame kama waya umemenywa vizuri. Nyeupe aiache kwanza, maana hutaka karibu volti 3 na betri zikichoka kidogo tu inafifia. Akiruka rezista na kuunga betri ya volti 9, taa itamulika mara moja na kufa.

Marufuku: chaja, televisheni na chochote cha kuchomeka ukutani, hata kikiwa kimechomolewa, kwa kuwa kapasita, vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, hubaki nao. Betri ya simu pia. Ikitobolewa hushika moto.

Mvua ikianza huku Mafinga watoto hawatoki nje. Wafanye nini? (Baba wa watatu)

Wapime hiyo mvua. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 iliyonyooka ubavuni. Yenye kiuno itadanganya. Ikate inapoanza kuwa nyembamba, toa kifuniko, pindua kipande cha juu kiingie kama faneli, ubane kwa selotepu. Kitako kina mabonde, kwa hiyo tia kokoto na maji hadi pale chupa inaponyooka, uandike sifuri. Rula ianzie hapo. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba ya shamba.

Iwekwe mbali na paa na miti, isomwe saa 3 kila asubuhi, maji yarudishwe kwenye sifuri. Siku za jua maji hushuka yenyewe chini ya sifuri; ongezeni.

Nampeleka mtoto wa kaka yangu kwenye Kimondo cha Mbozi. Abebe nini? (Shangazi, Tunduma)

Sumaku ya spika mbovu, ifungwe uzi. Kimondo kile, kirefu kama mita 3 na kinachokadiriwa kuwa na tani 16, ni chuma kwa sehemu kubwa, pamoja na nikeli. Aining'inize karibu aone inavyovutwa. Nyundo ibaki nyumbani, shangazi.

Mkirudi, aiviringishe sumaku kwa kitambaa chepesi aiburute kwenye mchanga mkavu wa mferejini. Itanasa chembe nyeusi zenye chuma, za miamba ya hapahapa, si vipande vya kimondo (atauliza tu). Bila kitambaa, kuzibandua ni kazi ya kutwa.

Hadubini za plastiki zinafaa? (Babu, Njombe)

Hapana, picha hutikisika. Nunua lenzi ya kukuza mara 10. Ashike lenzi jichoni kabisa, kisha asogeze ua la kiazi hadi lionekane vizuri. Watoto wengi hufanya kinyume. Jua asilitazame nayo.